Duka lililo ndani ya simu: vita vya watengenezaji na hasara ya mchuuzi wa Nakivale

MBARARA, Uganda – Mchuuzi anayenunua simu janja mjini Mbarara ili akaziuze katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwa kawaida hukagua mambo matatu: kioo, betri na kamera. Siku hizi kuna jambo la nne ambalo halionekani kwa macho, nalo linaweza kumtia hasara kuliko hayo matatu. Jambo hilo ni duka la programu lililomo ndani ya simu.

Simu ikiwa haina duka linalofanya kazi, mteja atapata taabu kuweka WhatsApp, atapata taabu kuisasisha ikizeeka, na baada ya muda atarudi na simu mkononi akidai fedha zake. Mara nyingi kosa si la mchuuzi wala la mteja. Chanzo chake ni ushindani wa makampuni makubwa ya Marekani, China na Korea Kusini, ambayo yamekuwa yakigombania duka hilo tangu mwaka 2008.

Katika makala hii tunaeleza duka hilo ni kitu gani, kwa nini linagombaniwa, na mfanyabiashara wa mpakani afanye nini ili asiwe nyasi chini ya miguu ya tembo wanaopigana.

Soko lenyewe

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Mbarara. Ni moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika, kwani yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa wimbi la kwanza la Watutsi kutoka Rwanda. Leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Wakongo ndio wengi zaidi, na jumla ya wakazi imepita laki moja na nusu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara na kusafiri ndani ya nchi. Ndiyo sababu Nakivale ina masoko, kama vile Isangano, na Kiswahili kimekuwa lugha ya kuelewana kati ya Mkongo, Mrundi na mfanyabiashara anayetoka Mbarara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, ukiwemo wa Nakivale, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa tayari wanatumia simu katika shughuli zao za kipato, ingawa waliofika kwenye intaneti vijijini walikuwa wachache.

Tangu wakati huo simu janja zimeshuka bei na kuenea. Njia zinayopita ni ndefu: kiwandani China, mara nyingi kupitia Guangzhou au Dubai, kisha Kampala, Mbarara, na mwisho Nakivale. Nyingine haziishii hapo, bali huvuka Kikagati kwenda Murongo upande wa Tanzania, au Mpondwe kwenda Kongo. Kila mkono unaopokea simu huongeza faida kidogo, na mkono wa mwisho ndio unaobaki na lawama.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mchuuzi ananunua simu 10 kwa shilingi 300,000 kila moja, akitarajia faida ya shilingi 30,000 kwa kila simu. Simu 8 zinauzika vizuri, faida ni shilingi 240,000. Simu 2 zinarudishwa kwa sababu hazikubali programu, naye analazimika kuziuza kama vipuri kwa shilingi 150,000 kila moja. Hapo amepoteza shilingi 300,000. Faida yote imeliwa, na mtaji umepungua kwa shilingi 60,000. Simu mbili tu katika kumi zimegeuza safari nzima kuwa hasara.

Duka la programu ni nini?

Zamani mtu alinunua simu pamoja na kila kilichomo. Ikiwa ilikuja na mchezo wa nyoka, ulicheza nyoka mpaka simu ikafa. Tarehe 10 Julai 2008 kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua duka la programu ndani ya simu yake ya iPhone, likiwa na programu 500 hivi. Mteja aliweza kuchagua programu, kuibonyeza, na kuipata ndani ya simu bila kwenda kwa fundi wala kuunganisha kompyuta.

Oktoba mwaka huo huo Google ilifungua duka lake kwa simu za Android. Mwaka 2012 likabadilishwa jina na kuitwa Google Play, na ndilo ambalo wateja wengi wa Uganda wanalifahamu kwa jina la Play Store.

Duka hilo hufanya kazi tatu. Kwanza, linampa mteja programu mpya. Pili, linasasisha programu zile alizo nazo. Tatu, linakagua kama programu ina hila au virusi. Kazi ya pili ndiyo wachuuzi wengi wanayoisahau. Programu kama WhatsApp haikai vilevile. Hubadilishwa mara kwa mara, na toleo la zamani hufika siku likakataa kufunguka. Simu isiyoweza kusasishwa ni kama kibanda kisicholetewa bidhaa: mlango uko wazi, lakini rafu zinaisha.

Kwa nini kila mtengenezaji anataka duka lake?

Jibu fupi ni fedha. Kwa miaka mingi kiwango cha kawaida katika maduka makubwa kilikuwa hiki: mteja akilipa dola 100 ndani ya programu, mwenye duka anachukua dola 30 na mtengenezaji wa programu anabaki na 70. Mwaka 2021 Apple na Google zilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo, lakini kanuni ilibaki ile ile. Mwenye duka hula bila kulima.

Kuna na sababu ya pili. Kutengeneza simu ya bei nafuu kuna faida ndogo sana kwa kila simu. Ukishaiuza, umemalizana na mteja. Lakini kama duka lililomo ndani ni lako, unaendelea kupata chochote kila anapopakua programu, kila anapoona tangazo, na kila kampuni inapokulipa ili programu yake iwekwe tayari ndani ya simu kabla haijatoka kiwandani.

Basi mwaka 2009 kila mkubwa alikimbilia kufungua duka. BlackBerry ilifungua lake Aprili, Nokia ikafungua Ovi Store mwezi Mei, Samsung ya Korea Kusini ikafuata mwezi Septemba, na Microsoft mwezi Oktoba. Ilionekana kwamba kila kabila la simu litakuwa na soko lake.

Maduka yaliyokufa

Wafanyabiashara wa umri wa kati watakumbuka jinsi Nokia ilivyotawala Afrika Mashariki. Kutoka Mombasa hadi Bukavu, simu na Nokia vilikuwa karibu neno moja. Mafundi walijua kuifungua wakiwa wamefumba macho. Hata hivyo Nokia ilishindwa katika vita vya duka. Watengenezaji wa programu walipeleka kazi zao kwa Apple na Android, kwa kuwa huko ndiko walikoona wateja. Wateja nao walikwenda kulikokuwa na programu. Mzunguko huo haukuvunjika.

Februari 2011 Nokia iliungana na Microsoft. Mwaka 2014 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kitengo chake cha simu. Duka la Nokia lilifungwa mwaka 2015 na wateja wakaelekezwa katika duka la kampuni ya Opera. Duka la BlackBerry lilifungwa mwisho wa mwaka 2019. Microsoft nayo iliacha kuhudumia simu zake za Windows Desemba mwaka huo huo. Duka la Amazon kwa simu za Android, lililofunguliwa mwaka 2011, lilifungwa Agosti 2025.

Kila duka lilipokufa, simu zake ziliendelea kuwaka na kupiga. Lakini WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za BlackBerry mwaka 2017, katika Nokia za S40 mwisho wa mwaka 2018, na katika simu za Windows mwisho wa mwaka 2019. Aliyekuwa na boksi la simu hizo siku hiyo alibaki na saa zenye tochi.

Funzo la kwanza ni hili: simu haifi siku inapovunjika tu. Hufa pia siku duka lake linapofungwa, na siku hiyo haitangazwi Nakivale.

Mkataba wa Google na watengenezaji

Huenda msomaji akauliza: kama duka ni fedha, kwa nini Samsung, Tecno na wengine wanaliacha la Google ndani ya simu zao?

Android yenyewe ni bure. Mtengenezaji yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha. Ila Google Play si ya bure kwa maana hiyo. Anayeitaka lazima aingie mkataba na Google na simu zake zipite majaribio. Kwa miaka mingi mkataba huo ulimtaka pia mtengenezaji aweke programu nyingine za Google, kama vile ya kutafutia na Chrome. Mwaka 2018 Tume ya Umoja wa Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti hayo, na mwaka 2022 mahakama ya Ulaya ikapunguza faini kidogo hadi euro bilioni 4.125.

Mtengenezaji anakubali kwa sababu ya mteja. Mteja wa Mbarara akiwasha simu asione Play Store, anairudisha kwenye boksi. Kwa hiyo wengi wanafanya ujanja wa kati: wanaliacha duka la Google, na pembeni yake wanaweka la kwao. Samsung ina Galaxy Store. Xiaomi, Oppo na Vivo za China zina yao. Februari 2020 ilifahamika kwamba kampuni za China zilikuwa zikiandaa njia ya pamoja ya kumwezesha mtengenezaji wa programu kupeleka kazi yake katika maduka yao yote kwa mara moja.

Tecno, itel na Infinix

Kwa mfanyabiashara wa Nakivale hili ndilo karibu zaidi. Tecno, itel na Infinix, zilizojaa madirishani katika nchi zetu, ni za mwenye mali mmoja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China. Kampuni hiyo ilijijenga kwa kulenga Afrika: laini mbili au zaidi, betri inayokaa, na kamera inayowapiga vizuri watu weusi. Imekuwa ikiongoza mauzo ya simu janja barani Afrika kwa miaka kadhaa.

Ndani ya simu zake mteja hukuta Play Store, na pia Palm Store, ambalo ni duka la Transsion yenyewe. Kampuni hiyo hiyo ina mkono katika Boomplay, programu ya muziki iliyoanza mwaka 2015. Kwa maneno mengine, simu inauzwa kwa faida ndogo, kisha mteja anaendelea kuwa mteja.

Kwa mteja maduka mawili yana faida na madhara. Faida ni kwamba moja likigoma, la pili lipo. Madhara ni kwamba matangazo yanakuwa mengi, programu zinajiweka zenyewe, na bando linaliwa bila mwenyewe kujua. Kwa mkimbizi anayenunua bando la siku moja, megabaiti 100 zilizoliwa usiku ni fedha halisi.

Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba ilikuta virusi vikiwa tayari ndani ya baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Cameroon, Misri na Afrika Kusini. Virusi hivyo vilijaribu kumwandikisha mteja katika huduma za kulipia zinazokata salio. Transsion ilijibu kwamba kosa lilitokana na msambazaji mmoja katika mnyororo wa ugavi na kwamba ilitoa marekebisho. Kwa mchuuzi funzo ni kwamba simu mpya ndani ya boksi nayo inahitaji kukaguliwa.

Huawei na simu za soko la China

Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei katika orodha ya makampuni yasiyouziwa bidhaa za Marekani bila kibali. Simu zake zilizokwisha kutoka ziliendelea na Google Play. Simu mpya kuanzia Mate 30, iliyotoka Septemba 2019, zilikuja bila duka hilo. Huawei ikalisukuma duka lake, AppGallery, na kutumia fedha nyingi kuwavutia watengenezaji wa programu.

WhatsApp inaweza kuwekwa katika simu hizo kwa kuichukua kwenye tovuti yake yenyewe. Tatizo liko kwa programu zinazotegemea huduma za Google, ambazo hugoma au hufanya kazi nusu. Mteja anayebadilisha simu na kutaka kurudisha mazungumzo yake ya WhatsApp kutoka hifadhi ya Google hukwama papo hapo.

Kundi jingine la kuangaliwa ni simu zilizotengenezwa kwa ajili ya China. Huko Google Play haitumiki, hivyo kila mtengenezaji hutumia duka lake. Simu hizo mara nyingine ni nafuu Guangzhou, na msafirishaji huona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Wauzaji wa kati huzibadilisha mfumo ili zionyeshe Kiingereza na Play Store. Simu hiyo huwaka vizuri dukani, lakini mara nyingi haipokei masasisho, au siku fundi akiifuta na kuianzisha upya, inarudi kuwa ya Kichina. Aidha, tangu mwaka 2024 Huawei imetoa nchini China mfumo wake mpya wa HarmonyOS ambao hauendeshi moja kwa moja programu za Android. Simu ya namna hiyo haisaidiwi na fundi wa Isangano.

Vitochi vyenye WhatsApp

Wako wateja wasioweza kununua simu ya kugusa. Kwao ilitengenezwa simu ya batani yenye mfumo wa KaiOS na duka lake dogo. WhatsApp ilipatikana humo kuanzia mwaka 2019, na mitandao ya Afrika, zikiwemo MTN na Orange, ikaanza kuuza simu za aina hiyo. Ilikuwa habari njema kwa bibi asiyependa kioo cha kugusa na kwa kijana asiye na fedha.

Juni 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka hilo, na waliokuwa nayo waliambiwa itaacha kufanya kazi mwanzoni mwa mwaka 2025. Simu bado inapiga na kutuma ujumbe mfupi, lakini mchuuzi anayeinadi leo kuwa ni kitochi chenye WhatsApp anauza kitu kisichokuwapo, na atatafutwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa simu za kugusa za mtumba. Oktoba 2023 WhatsApp iliziacha simu zote zenye Android ya 4.4 kwenda chini. Kabla ya kununua mzigo wa mtumba, namba ya toleo la Android ina uzito sawa na hali ya betri.

Januari 2021: duka lilipofungwa nchi nzima

Uganda ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, watumiaji walikuta duka la Apple na Google Play hayafunguki. Tarehe 12 mitandao ya kijamii ikafungwa kwa amri ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18.

Kwa muuzaji wa simu, siku zile zilionyesha jambo moja. Aliyenunua simu mpya wiki hiyo hakuweza kuijaza kwa njia ya kawaida hata kama ilikuwa ya bei kubwa. Aliyekuwa na programu zake tayari aliendelea nazo kwa muda. Waliotaka programu za kupita vizuizi walikuta mlango wa kuzipatia ndio uliofungwa wa kwanza.

Upande mwingine wa kumbukumbu hiyo ni huduma ambayo haikujengwa juu ya duka la programu. MTN MoMo ilianza Uganda mwaka 2009, na mpaka leo mteja anaweza kubonyeza *165# katika simu ya aina yoyote. Airtel Money ni *185#. Hakuna kupakua, hakuna kusasisha. Kwa mchuuzi anayepokea malipo sokoni Nakivale, kuzijua njia hizo kwa moyo ni akiba, hata kama programu ya MoMo iko ndani ya simu yake.

Programu za mkono kwa mkono

Bando lina gharama. Mwaka 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, na badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti. Ndiyo maana watu wengi hawapakui programu dukani. Wanarushiana kwa Bluetooth au Xender, au wanampelekea fundi aliye na programu zote katika kadi ya kumbukumbu.

Njia hii ni nafuu na imewasaidia wengi. Hatari yake ni mbili. Kwanza, hujui programu imepita mikono mingapi. Toleo la WhatsApp lenye rangi na manjonjo linaweza kuwa limetengenezwa na mtu mwingine kabisa, naye anasoma unachoandika. Pili, njia yenyewe huenda ikabanwa. Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kuwataka watengenezaji wa programu za Android wajitambulishe, hata wale wasiopitisha kazi zao Play Store. Ratiba iliyotangazwa ilikuwa ianze na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, na nchi nyingine kuanzia mwaka 2027.

Jambo hili linawagusa pia vijana wanaotengeneza programu, wawe katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara au Nakivale kwenyewe. Kuweka programu Play Store hulipiwa dola 25 mara moja, na kwa Apple dola 99 kila mwaka. Fedha hizo zinaweza kuchangwa. Kitambulisho hakichangwi. Mwaka 2019 UCC iliruhusu wakimbizi wasajili laini za simu kwa hati zao za ukimbizi, na hilo liliwafungulia wengi mlango wa kumiliki laini kwa jina lao. Mlango wa duka la programu unashikwa na kampuni iliyo California, nayo ndiyo inayoamua ni hati gani inatosha.

Zipo kesi kubwa zinazojaribu kulegeza mamlaka hayo. Kampuni ya michezo ya Epic ilizishtaki Apple na Google mwaka 2020, na Desemba 2023 baraza la mahakama San Francisco liliona kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani. Tangu Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka Apple ikubali maduka mengine ndani ya iPhone. Lakini sheria ya Ulaya humlinda mteja wa Ulaya. Wa kwetu anajilinda kwa kukagua.

Ukaguzi wa dakika kumi

Kabla ya kulipia mzigo Mbarara au Kampala, ndugu mfanyabiashara, fanya yafuatayo. Usione haya mbele ya muuzaji. Mwenye bidhaa safi hatakasirika.

1. Bonyeza *#06#. Namba itakayotokea ilingane na iliyo kwenye boksi. Kama simu itavuka kwenda Tanzania hili ni la lazima, kwani Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe kwenda 15090 utajua kama simu ni halali.

2. Fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, kisha sehemu inayoeleza kuhusu duka. Humo huandikwa kama simu imeidhinishwa. Isiyoidhinishwa ni dalili ya simu bandia au iliyobadilishwa mfumo. Tangu mwaka 2018 Google imekuwa ikizizuia simu za namna hiyo kuingia katika huduma zake.

3. Angalia toleo la Android. Simu ya toleo la zamani inunue kwa bei ya zamani.

4. Pakua programu moja ndogo hapo hapo kwa bando lako. Duka linaloonekana si lazima liwe duka linalofanya kazi.

5. Simu ya mtumba ifutwe na kuanzishwa upya mbele yako. Ikidai akaunti ya mwenye mali wa kwanza, iache. Hiyo ni simu iliyofungwa, na huenda ni ya wizi.

6. Simu ya Huawei au ya soko la China usiikatae moja kwa moja, ila iuze kwa mteja anayejua anachonunua, na bei iseme hivyo.

7. Andika risiti yenye namba ya simu, tarehe na siku za kurudisha. Mpe mteja wako, na umdai aliyekuuzia. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mwisho

Watengenezaji wataendelea kugombania duka lililo ndani ya simu, kwa kuwa ndilo linaloleta fedha baada ya simu kuuzwa. Yatakayofunguliwa yatafunguliwa, na yatakayokufa yatakufa. Mchuuzi wa Mbarara hana sauti katika mabaraza yao, lakini ana jambo moja lililo mikononi mwake: asilipie simu kabla hajaingia dukani mwake kuona kama kuna bidhaa.

Mteja wa Nakivale akinunua simu, ananunua sauti ya ndugu aliyeko Bukavu, picha ya mtoto aliyeko Bujumbura na fedha inayotumwa kutoka Nairobi. Anayemuuzia simu yenye duka lililokufa amemuuzia mlango wa chumba kilichokwisha kufungwa. Naye mteja huyo, kama kawaida ya soko, atawaambia jirani zake wote.